Je, wajua kwa nini njia ya gari iliyokufa msituni hufufuliwa kwa jembe kabla ya panga?

Ukipanda uwanda wa juu wa Rondo, mkoani Lindi, kutoka bonde la Lukuledi, au ukiiacha barabara kuu ya Lindi kwenda Kilwa na kuingia porini kuelekea kilima cha Tendaguru, utakutana na njia ambazo zamani zilipitisha magari na leo hata pikipiki inasita. Wengi wetu tunaamini kwamba msitu ndio ulioziua: miti ikaota, nyasi zikajaa, njia ikamezwa. Ndiyo maana likija wazo la kuifungua tena, jambo la kwanza ni kukusanya vijana wenye mapanga. Baada ya siku chache njia inaonekana safi, gari linapita, watu wanafurahi. Mvua za msimu mmoja zikiisha, imekufa tena, na safari hii vibaya kuliko mwanzo. Kilichoiua mara ya kwanza hakikuguswa. Kiliendelea na kazi yake, tena kikiwa kimesafishiwa uwanja. Kitu hicho ni maji.

Udongo wa msitu ambao haujakanyagwa hunywa maji mengi sana. Juu umefunikwa na majani yanayooza, ndani umejaa matundu yaliyoachwa na mizizi, mchwa na minyoo. Tone la mvua linaangukia majani, linapungua nguvu, linazama. Uwanda wa juu wa Makonde unajulikana kwa jambo hili: mvua inanyesha, lakini mito huko juu huioni, kwa sababu maji yanazama mchangani na kutokea chini ukingoni. Akina mama wa Newala wameteremka ule ukingo kwa vizazi vingi kuyafuata maji huko huko.

Gari linaibadilisha hali hiyo. Tairi linagandamiza udongo na matundu yanaziba. Sehemu kubwa ya madhara haya hutokea mara chache za mwanzo gari linapopita. La kumi linaongeza kidogo kuliko lilivyoongeza la kwanza. Udongo ukiwa umelowa ndiyo balaa, maana hapo hauna ubavu wa kuhimili uzito. Matokeo yake ni mifereji miwili ya matairi, migumu, isiyonywa maji, imelala kwenye mteremko. Maji ambayo yangetawanyika msitu mzima sasa yanaingia humo. Yakikusanyika yanakimbia, na yakikimbia yanabeba. Kasi ikiongezeka mara mbili, uwezo wake wa kuchimba na kubeba huongezeka mara nyingi zaidi ya hizo mbili. Mchanga unaondoka kwanza, kisha kokoto, kisha mawe, na mfereji wa tairi unakuwa korongo.

Mkoa wa Lindi una hali inayolizidisha tatizo. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Katikati kuna miezi mirefu ya ukavu na mioto ya porini, kwa hiyo mvua za mwanzo mara nyingi zinaikuta ardhi ikiwa tupu, haina nyasi wala majani ya kuikinga. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, maji yaliikata barabara kuu ya lami pale Somanga, wilayani Kilwa, na Kusini ikatenganishwa na Dar es Salaam. Ikiwa barabara yenye makalavati ilikatika, njia ya udongo inayoteremka ukingo wa Rondo bila hata mtaro mmoja haina cha kuisaidia.

Kwa hiyo kazi inaanza na jembe, chepe na sururu, na lengo ni moja: kuyatoa maji njiani kabla hayajapata kasi. Unajenga tuta la udongo ulioshindiliwa, linalokatisha njia nzima kwa mshazari, nyuzi 30 hadi 45 hivi, ncha moja ikiwa chini kuliko nyingine ili maji yateleze na kutokea upande huo. Wengi hulijenga likiwa limenyooka kabisa kutoka ukingo hadi ukingo. Tuta la namna hiyo linayazuia maji badala ya kuyageuza. Yanatuama nyuma yake, udongo unalainika, na gari la kwanza linalipasua katikati. Mteremko ukiwa mkali matuta yakaribiane; ukiwa wa polepole yanaweza kuachana.

Pale maji yanapotokea ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Lazima pawe wazi, pawe pana, na maji yaishie kwenye majani na vichaka vya msitu, si kwenye shamba la mtu wala kwenye kipande cha chini cha njia hiyo hiyo. Majani makavu na mchanga huziba mlango huo haraka. Tuta zuri lenye mlango ulioziba ni sawa na kutokuwa na tuta. Ndiyo maana mtu mmoja mwenye jembe akipita njia nzima mara baada ya mvua za kwanza anafanya kazi kubwa kuliko kundi la watu Agosti: anaona kwa macho maji yanapita wapi.

Kwa njia ya magari mimi napendelea zaidi kishimo kipana, cha mteremko laini pande zote mbili, kuliko tuta lililochongoka. Gari linazama polepole na kuibuka bila kugonga tumbo, na matairi hayakilimi kila siku kama yanavyolima tuta. Kinahitaji udongo mwingi zaidi wakati wa kukitengeneza, lakini kinadumu. Na pale njia inapopita ubavuni mwa mlima, uso wake uelekezwe kidogo upande wa bondeni, ili maji yavuke njia yakiwa membamba badala ya kuifuata.

Wanaopima njia za msituni wana kanuni inayostahili kujulikana na kila kijiji chenye msitu: mwinamo wa njia usizidi nusu ya mwinamo wa mlima inapopita. Ukizidi, maji hayavuki. Yanaifuata njia yenyewe, kwa kuwa ndiyo mkato. Kanuni hii inaeleza kwa nini njia nyingi za zamani hazifai kufufuliwa kama zilivyo. Rondo ilivunwa mivule kwa nguvu katika miaka ya 1940 na 1950, enzi za Waingereza, na njia za kuburutia magogo kwa kawaida hukatwa kufuata mteremko moja kwa moja, ili gogo lishuke upesi. Zilitengenezwa zitumike msimu au miwili, kisha ziachwe. Anayeifungua njia ya aina hiyo leo kwa sababu tu alama yake bado ipo, anafungua mfereji. Bora kuitumia pale inapokatiza ubavu, na kuchonga kipande kipya pale inaposhuka wima.

Korongo lililokwisha kuchimbika lina kishawishi chake: kutupia magogo na matawi, kufukia kwa udongo na kuendelea na safari. Magogo yanaliwa na mchwa, udongo unasombwa, na shimo linarudi likiwa refu zaidi. Kwanza yageuzwe maji yanayoliingia kutoka juu. Baada ya hapo jaza mawe, makubwa chini na madogo juu, kisha changarawe. Mabondeni, kwenye udongo mzito mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, hakuna tuta litakaloiokoa njia wakati wa masika. Dawa ni kuifunga hadi pakauke.

Kuna kifo kingine kinacholetwa na sisi madereva. Dimbwi likitokea katikati ya njia, wa kwanza analikwepa kulia, wa pili anaponda vichaka kushoto, wa tatu anapita nje zaidi. Msimu ukiisha pana njia nne sambamba, zote zimegandamizwa, na msitu umeliwa upana wa uwanja. Kama dimbwi linapitika, pita katikati yake taratibu. Kama halipitiki, rudi. Gari likinasa na ukalazimika kutumia winchi, yaani mashine ya kulivuta gari kwa waya uliofungwa mtini, mti uwekewe mkanda mpana. Waya mtupu hula gome, na mti uliochunwa gome mzunguko mzima hufa.

Panga nalo lina elimu yake. Misitu yetu mingi ni ya miombo, na miombo haifi kwa kukatwa. Kisiki kinachipua, mizizi iliyo karibu na uso wa ardhi inachipua, na mti mmoja uliokatwa usawa wa goti unarudi ukiwa kichaka kizima. Kisiki kilichoachwa kirefu, kilichokatwa kwa mshazari, hutoboa tairi na mguu pia. Kwa hiyo kata usawa wa ardhi, na pale tairi linapopita, ng'oa kabisa.

Swali gumu ni ukate kwa upana gani. Mafundi wa barabara hupenda jua liingie ili njia ikauke mapema. Watu wa misitu hupenda dari la matawi lisifunuliwe, kwa sababu jua likifika chini nyasi ndefu zinaota, nyasi zinavuta moto wa kiangazi, na moto unaunguza yale majani yaliyokuwa yanaukinga udongo. Wote wana haki, ila si mahali pamoja. Juu Rondo, penye udongo wa mchanga unaokauka wenyewe, naona ni kosa kukata zaidi ya upana wa gari na nafasi ndogo ya kupishana hapa na pale. Kule kwenye mfinyanzi wa mabondeni, kuupunguza upande mmoja wa miti ni jambo la maana.

Juu Rondo kuna sababu nyingine inayonigusa. Huko anaishi komba wa Rondo, mnyama wa usiku wa takriban gramu 60, aliyetambulishwa kwa wanasayansi mwaka 1996 na kupewa jina la mahali hapo. Ni miongoni mwa komba wadogo kuliko wote, na anapatikana katika vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya Tanzania. Husafiri kwa kuruka kutoka shina hadi shina, chini chini ya miti mirefu. Njia nyembamba anaivuka. Ikipanuliwa sana inakuwa mpaka kwake.

Kuitambua njia yenyewe kabla ya kugusa chochote ni kazi ya macho na ya wazee. Tafuta mstari wa miti midogo ya umri mmoja katikati ya mikubwa, ukingo uliochongwa ubavuni mwa mlima, udongo unaokataa kuchimbika ukipiga sururu. Miembe na mikwaju mikubwa porini mara nyingi ni ishara kwamba watu waliwahi kukaa au kupumzika pale. Tendaguru yenyewe ina njia za zamani kuliko gari. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, na msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu ambaye jina lake lingestahili kufundishwa kila shule ya Lindi. Mifupa zaidi ya tani 200 ilibebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi, mwendo wa kilomita 60 hivi, siku nne kwa miguu. Mbung'o walikuwa wanaua wanyama wa kuvuta mikokoteni, kwa hiyo mzigo wote ulipita vichwani na mabegani mwa watu. Mifupa ile inaonekana leo Berlin. Mwenye kutaka kupaona ilikotoka anahitaji gari la kuvuta matairi yote manne, wakati wa kiangazi. Kwa sababu hiyo natamani njia ile itunzwe, ili mtoto wa Lindi naye apaone.

Lakini si kila njia ya zamani ifunguliwe. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, safari ya Kusini ikawa rahisi na maisha yetu yakabadilika kwa heri nyingi. Pamoja na heri hizo, biashara ya magogo ya mninga, mkongo na mpingo kutoka Rufiji, Kilwa na Lindi ilipanda kwa kasi, nyingi yake bila vibali. Njia inayompitisha askari wa misitu na mtalii inapitisha pia lori la usiku. Katika hifadhi za serikali ruhusa ya kuingia na kufungua njia inatoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Katika msitu wa hifadhi wa kijiji, chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, wenye neno ni kijiji chenyewe. Wanapokaa kuamua, nadhani swali la haki ni nani atakayeipita njia hiyo kila mwezi na kuiangalia. Kama hayupo, ibaki imefungwa.

Kufunga nako kuna utaratibu, na kunahitaji jembe lile lile. Gogo moja lililolazwa mlangoni halitoshi, kwa sababu dereva atalizunguka. Vunja kwa sururu ule udongo mgumu wa mifereji ya matairi ili uanze tena kunywa maji. Jenga matuta ya mshazari, makubwa kuliko ya njia inayotumika, kwa kuwa hakuna gari litakalopita juu yake. Kisha tandaza matawi na majani kwenye kipande cha mwanzo, chote kinachoonekana kutoka barabarani, mpaka anayepita asione kama kuna njia. Ndani zaidi hakuna haja ya kupanda miti. Mizizi ya miombo bado iko hai chini ya ardhi, na magari yasiporudi itachipua yenyewe.