Siku tatu za mwisho za kruzi ya Amerika Kusini, na jinsi ya kushuka Buenos Aires bila kuharibu safari

Nimekaa dawati la mapokezi kwenye meli za kruzi miaka tisa sasa, na misimu minne kati ya hiyo nimeifanya kule chini kabisa Amerika Kusini, ile njia inayoanzia Chile, inazunguka Cape Horn, halafu inapanda upande wa Atlantiki mpaka Buenos Aires. Nikirudi nyumbani Mombasa kila mtu anataka kusikia habari za Cape Horn na pengwini na milima ya barafu. Siku ya kushuka hakuna anayeiuliza, na hiyo ndo siku foleni ya dawati langu inafika mpaka mlango wa lifti, watu wazima wanalia, wengine wamekosa ndege, wengine hawana hata suruali ya kuvaa. Yote haya yanazuilika kabisa, ndo maana nimekaa chini kuandika.

Kitu cha kwanza nataka ukikubali ni kwamba kushuka hakuanzi asubuhi ile ya mwisho. Kunaanza siku tatu nyuma, na anayepanga saa si kampuni wala nahodha, ni mto. Ntaufikia huo mto.

Tuanzie Stanley, kule visiwa vya Falkland. Meli kubwa hutia nanga nje na nyinyi mnavushwa kwa boti ndogo, kwa hivyo upepo ukikaza nahodha anafuta kituo na hapo hakuna mjadala. Mkiondoka hapo ni siku nzima ya bahari, halafu Puerto Madryn, Argentina, mji ulioanza na Wawelshi walioshuka na meli inaitwa Mimosa mwaka 1865, na ukienda mpaka kijiji cha Gaiman bado utapata nyumba zao za chai. Wengi hapa wanakimbilia Punta Tombo kuona pengwini wa Magellan. Ukienda Januari beba kofia na maji, manake kule ni vumbi na vichaka na jua kali, pengwini wamejichimbia mashimo chini ya hivyo vichaka kama sungura, vifaranga wanachungulia. Mwenzangu mmoja wa Malindi alisimama pale nusu saa nzima hasemi kitu, alikuwa anaamini pengwini bila barafu hawezi kuishi.

Sasa hapo Puerto Madryn kuna jambo la pasipoti na nataka mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, aniskize vizuri. Hesabu hii njia. Unaingia Argentina kule Ushuaia, unatoka kwenda Falkland, unaingia tena Puerto Madryn, unatoka kwenda Uruguay, halafu unaingia mara ya tatu Buenos Aires ndo ushuke kabisa. Visa ya kuingia mara moja itakukwamisha, omba ya kuingia mara nyingi, na mwambie anayekushughulikia karatasi zako njia yote ya meli, si bandari ya kuanzia na ya kumalizia tu. Nimeona familia imekaa melini Montevideo inapiga simu ubalozini siku nzima badala ya kutembea mjini, roho iliniuma kwa kweli.

Kutoka Madryn kwenda Montevideo mna siku nyingine ya bahari, na hii ndo ningekuomba uiheshimu. Watu huichukulia ya kulala na kuogelea, sisi nyuma ya dawati tunajua ndo siku ya kazi. Ukirudi kabini utakuta bahasha kitandani. Ndani kuna tagi za mabegi zenye rangi na namba, kuna saa ya kundi lako kuitwa, kuna maelezo ya ukumbi wa kusubiri. Ile rangi haijapangwa hovyo, tumeipanga kwa saa ya ndege uliyotujazia kwenye fomu, sasa kama fomu hukuijaza au ndege imebadilishwa basi njoo siku hiyohiyo tukubadilishie, usije asubuhi ya mwisho wakati makundi yote yameshapangwa na mabasi yameshahesabiwa.

Na bili. Iangalie siku hiyo ya bahari, mstari kwa mstari, kwenye runinga ya kabini au uje tukuchapishie. Vinywaji vya mtu wa kabini ya jirani huwa vinaingia kwenye akaunti ya mwingine, inatokea kila safari na kurekebisha ni dakika tano nikiwa na nafasi. Asubuhi ya mwisho nina watu mia mbele yangu na baa iliyokuuzia imefungwa, risiti niitafute wapi? Wanaotumia kadi ya benki inayokata pesa moja kwa moja wawe waangalifu zaidi, manake meli huwa inazuia kiasi fulani kwenye akaunti kama dhamana, na benki inaweza kukaa siku kadhaa kabla ya kukiachia hata kama bili umeshalipa. Ukifika Ezeiza, uwanja wa ndege, unataka kulipia uzito wa ziada wa begi, kadi inakataa, na pesa zako zipo. Kuwa na kadi ya pili au pesa taslimu kidogo mfukoni.

Pasipoti pia tunarudisha siku hizihizi za mwisho. Kwenye njia hii meli nyingi hukusanya pasipoti mwanzo kabisa kwa sababu maafisa wa uhamiaji wa nchi zote hizo wanazikagua kwa pamoja, kwa hivyo usishtuke ukinyang'anywa siku ya kupanda. Ila kuja kuichukua ni jukumu lako, unakuja mwenyewe, unatia sahihi.

Montevideo mimi naipenda sana. Meli inafunga gati palepale mjini, unatoka geti la bandari unavuka barabara uko Mercado del Puerto, soko la zamani la chuma, nyama zinachomwa kwa moto wa kuni na moshi unakupata kabla hujaingia. Watu wanatembea na chupa ya maji moto kwapani na kibuyu cha mate mkononi (si mate ya mdomoni, ni kinywaji chao cha majani, kama chai), mchana kutwa, polisi, wanafunzi, wazee, wote. Mle bandarini imewekwa nanga ya Graf Spee, manowari ya Wajerumani ambayo nahodha wake mwenyewe aliilipua na kuizamisha nje ya mji Desemba 1939. Ushauri wangu hapa ni mmoja tu: pakia lile begi kubwa asubuhi KABLA ya kutoka mjini. Hapo utajua nafasi iliyobaki, utanunua kibuyu cha mate na sweta la sufu linaloingia, na jioni utakaa deki ya juu badala ya kupigana na zipu.

Na jioni hiyo ukae deki ya juu, nakuomba. Kutoka Montevideo meli inaingia ndani ya Río de la Plata, na maji yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Wa Malindi wataelewa haraka, ni kama Sabaki ikifurika inavyomwaga udongo baharini, ila hapa hakuna mpaka, ni udongo upeo wa macho yako yote, mto Paraná na mto Uruguay inashusha tope lake hapo. Mdomoni upana ni kama kilomita 220 hivi. Solís, yule Mhispania aliyeingia mwaka 1516, aliita Mar Dulce, bahari ya maji matamu, kwa sababu macho yake yanaona bahari na ndoo inatoa maji ya kunywa.

Huo upana wote lakini hauna kina. Meli kubwa haiwezi kujipitia popote, inafuata mfereji uliochimbwa, maboya yenye taa kulia na kushoto usiku kucha, na rubani wa pale ameshapanda melini, yuko na nahodha kwenye chumba cha kuongozea meli. (Rubani kwetu zamani lilikuwa neno la chombo cha baharini kabla halijapaa na ndege, kwa hivyo hapa limerudi kwao.) Upepo wa kusini mashariki, wao wanauita sudestada, unasukuma maji juu mpaka mitaa ya Buenos Aires inafurika, na pampero ukivuma kutoka kusini magharibi unayafukuza maji yanashuka. Ukungu nao upo. Yoyote kati ya haya ikitokea mfereji unasimama, meli zinangoja zamu pamoja na za makontena, na tunafika gati saa mbili au tatu nyuma ya ratiba. Ndo nikasema mto unapanga saa. Ndege ya kabla ya saa 8 mchana siku ya kushuka usikate kabisa, hata kama ni rahisi kwa dola mia mbili. Ya usiku ndo salama, na ukiweza lala Buenos Aires siku moja.

Usiku wa mwisho mabegi yanawekwa nje ya mlango kabla ya kama saa 5 usiku. Vijana wanapita korido zote, wanayashusha chini kwenye ile korido kuu ya wafanyakazi ambayo mabaharia huiita I-95, kwa jina la barabara kuu ya Marekani, wanayapanga kwenye makeji ya chuma kwa rangi. Meli ya watu elfu mbili hiyo ni mabegi zaidi ya elfu tatu.

Msimu mmoja kwenye saa 6 kasoro alikuja mama mmoja dawatini, amejitanda mtandio, akaniangalia kibeji changu kilichoandikwa nchi. "Wewe wa Mombasa?" Nikasimama, nikamwambia shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, halafu sauti ikakatika. Anaishi Toronto lakini kwao ni Kuze. Dawa za presha za mumewe alikuwa amezitia kwenye begi kubwa, begi limeshaondoka, na mzee anameza kidonge kila usiku. Daktari wa meli tunaye na nikampigia hapohapo, ila dawa zenyewe zilikuwa za aina ambayo hakuwa nayo. Nikamuuliza begi likoje, akasema jeusi. Mabegi meusi yalikuwa pengine nusu ya yote. Nikamuuliza mama, hujalifunga kitu? Akasema nimefunga mkononi kipande cha leso, ya kisutu. Nilishuka na vijana wawili na tochi, tagi yao ilikuwa zambarau, makeji kumi na moja ya zambarau, na kwenye la saba nikaiona ile nyekundu na nyeusi na nyeupe imechungulia katikati ya chuma. Ilituchukua dakika arobaini kulitoa. Mzee alimeza kidonge chake saa 7 usiku.

Kwa hivyo, begi la mkononi linabaki na wewe na ndani kuna dawa ZOTE, pasipoti, miwani, chaja, nguo za kesho pamoja na viatu. Nguo za kesho zitundike mlangoni kabisa. Na begi kubwa lifunge leso, kitenge, chochote chenye rangi ya kwenu.

Kama unaweza kubeba mabegi yako mwenyewe kwenye ngazi, chagua kushuka mwenyewe, hutoi begi usiku na mnakuwa wa kwanza kutoka. Lifti asubuhi hiyo usizitegemee. Matunda ya mezani yaache mezani, Argentina haitaki matunda wala nyama za kutoka nje. Kundi lako likiitwa unapita ngazini, kadi yako ya meli inalia kwenye mashine mara ya mwisho, halafu mnapanda basi mpaka jengo la abiria, lile la Benito Quinquela Martín, jina la mchoraji wa bandari ya La Boca. Msijaribu kutembea kwa miguu, pale katikati ni uwanja wa makontena na malori. Mabegi yamepangwa sakafuni kwa rangi.

Kosa la mwisho kubwa ni uwanja wa ndege. Buenos Aires ina viwili. Aeroparque uko kando ya mto, karibu sana na bandari, ndege nyingi za ndani na za nchi jirani. Ezeiza uko kama kilomita 35 nje ya mji na ndo wenye ndege za mbali, ikiwemo ya Ethiopian inayopitia São Paulo kwenda Addis Ababa, ambayo wengi wetu tunarudi nayo. Mwonyeshe dereva maandishi ya tiketi, EZE au AEP, usiseme "eapoti" peke yake. Chukua remis, gari la kuagiza lenye bei mnayokubaliana kabisa kabla, na weka saa moja na nusu ya barabarani.

Sisi tunabaki tunahesabu. Mpaka kompyuta ionyeshe abiria wote wa kushuka wametoka, hakuna mpya anayepanda, kwa hivyo ukisikia jina lako linaitwa kwenye spika mara tatu jua meli nzima inakusubiri. Huku nyuma wahudumu wameshafungua kabini, shuka zimerundikwa korido nzima, na sefu zinakaguliwa moja moja. Acha sefu yako wazi ukitoka ili ujionee mwenyewe iko tupu. Tunakuta pete, meno ya bandia, saa, bahasha za dola. Ukigundua uko Ezeiza umeacha kitu, piga simu hapohapo, usingoje ufike nyumbani. Meli iko gati mpaka jioni na kitu chako kinaweza kuletwa kwa wakala wa bandari, lakini ikishang'oa kurudi Montevideo itabidi kisubiri bandari nyingine yenye njia ya kukisafirisha, na hapo ni wiki kadhaa na gharama ni zako.