Chembe na Nyuzi: Kazi ya Masonara wa Misri ya Wafatimi

Anayetaka kuujua uwezo wa masonara wa Misri katika enzi ya Wafatimi, nasaba ya watawala wa Kiislamu (969–1171), asianze na mizani. Vipambo vyao vingi ni vyepesi na vina uwazi ndani, na ustadi wao umo katika namna walivyoutawala moto.

Mfano ninaourejea mara kwa mara ni kipambo cha shingoni chenye umbo la mwezi mwandamo, cha karne ya 11, kilichohifadhiwa katika Metropolitan Museum, New York. Uso wake ni nakshi ya nyuzi nyembamba za dhahabu, na pembeni vimeachwa vitanzi vidogo ambamo zilipitishwa nyuzi za lulu au vito. Katika kazi za aina hii, sonara alisokota nyuzi mbili pamoja, akazibapa, akazipinda, kisha akapanga juu yake mstari wa chembe za dhahabu.

Chembe hizo ndizo zinazonishangaza zaidi. Kuziumba si kazi kubwa: vipande vidogo vya uzi hutandazwa katika unga wa mkaa bila kugusana, vikipashwa moto huyeyuka na kila kimoja hujikusanya chenyewe kuwa duara. Ugumu uko katika kuzishikiza, kwa sababu lehemu ya kawaida ikizidi hutiririka kati ya chembe, ikaziba nafasi na kuifuta nakshi yote. Njia mojawapo iliyojulikana tangu kale ni kutumia unga wa madini ya shaba uliochanganywa na gundi. Gundi huungua ikawa kaboni, kaboni huondoa oksijeni kwenye shaba, na shaba hiyo huchanganyika na dhahabu pale tu vitu viwili vinapogusana. Mchanganyiko huo huyeyuka kabla ya dhahabu safi, ambayo huhitaji nyuzi joto 1,064 za Selsiasi. Moto ukizidi kidogo, kazi yote inageuka bonge.

Katikati ya kipambo hicho wapo ndege wawili wanaotazamana, waliochorwa kwa kioo cha rangi kilichosagwa na kuyeyushiwa ndani ya vijumba vyenye kuta za dhahabu. Masonara wa Kifatimi walizoea kukitengeneza kibati cha namna hii peke yake na kukipachika mwishoni kama kito. Naiona ni busara kubwa, kwani nakshi ya nyuzi haikulazimika kurudishwa motoni.

Hati za Geniza, yaani maandishi ya kale ya Wayahudi yaliyokuwa yamehifadhiwa katika sinagogi la Ben Ezra huko Fustat, mji mkongwe ambao sasa ni sehemu ya Kairo, zina orodha za mali za maharusi zinazotaja vipambo pamoja na thamani yake kwa dinari. Vilivyoorodheshwa ni vingi mno kuliko vilivyobaki, kwa kuwa dhahabu iliyochakaa iliyeyushwa upya. Hata kati ya vilivyobaki, vingi havijulikani vilipatikana wapi, hivyo sisi tunaovichunguza hukadiria umri wake kwa kulinganisha msokoto wa nyuzi, mpangilio wa chembe na namna kioo kilivyopachikwa.