Umri wa jiwe huharibikia maabarani

Mawe yaliyoachwa na barafu ya kale milimani Ruwenzori yamepimwa umri kwa beriliamu-10, atomi zinazozaliwa ndani ya madini ya kwatsi miale ya anga inapoyapiga: jiwe likikaa wazi zaidi, atomi huwa nyingi zaidi. Wengi hudhani jiwe husagwa kidogo, kisha mashine ya kupima atomi ikamaliza kazi. Sivyo. Kabla ya mashine kuna wiki kadhaa za maabara, na dhana potofu juu yake ni hizi.

"Saga liwe unga laini." Hapana. Hupondwa na kuchekechwa zipatikane chembe kama mchanga, mara nyingi za mikromita 250 hadi 500. Unga ungeyeyuka kwenye asidi, nawe ungepoteza kwatsi yenyewe.

"Jiwe lolote linafaa." Kwa njia hii lazima liwe na kwatsi. Lava za Kilimanjaro kwa kawaida hazina, ndiyo maana huko ilitumika klorini-36, atomi nyingine inayozaliwa na miale hiyo.

"Asidi inafuta ushahidi." Inachofuta ni uongo. Mvua nayo hushusha beriliamu-10 iliyozaliwa angani, ikanata juu ya chembe. Ikibaki, jiwe litaonekana kongwe kuliko lilivyo. Kwa hiyo chembe huoshwa tena na tena kwa asidi hafifu ya haidrofloriki. Mchanga ukishatakata ukawa mweupe, usiyaamini macho: pima alumini, maana feldispa, madini mengine ya jiwe yanayoweza kubaki na kwatsi, imejaa alumini. Ikizidi sehemu 200 hivi kwa milioni, rudia kuosha.

"Kuongeza beriliamu ni kuchafua sampuli." Hii ndiyo inayonisumbua zaidi. Piga hesabu: usawa wa bahari, mbali na ikweta, gramu moja ya kwatsi hupata takriban atomi 4 za beriliamu-10 kwa mwaka. Gramu 20 zilizokaa juani miaka 20,000 zina atomi milioni 1.6 tu. Kiasi hicho hakionekani, hakishikiki, kingeishia kwenye kuta za chombo. Ndipo huongezwa beriliamu-9, ile ya kawaida, kama miligramu 0.25, iliyopimwa kwa mizani makini kabla ya kwatsi kuyeyushwa. Zikishachanganyika, hata tone likimwagika baadaye uwiano wa beriliamu-10 kwa beriliamu-9 haubadiliki, na uwiano huo ndio mashine inaousoma. Kosa la mizani, basi, ni kosa la umri. Beriliamu ya dukani nayo huwa na beriliamu-10 kidogo, hivyo maabara nyingine hutengeneza yao kutokana na madini ya chini sana ardhini, miale isikofika. Na kila mkupuo huwa na chombo kimoja kisicho na jiwe, ili uchafu wa maabara wenyewe ujulikane.

"Asidi ikikugusa utaisikia." Haidrofloriki hafifu inaweza kukaa saa nyingi bila maumivu huku ikipenya mwilini. Jeli ya kalsiamu glukoneti, dawa ya kupaka palipoguswa, iwe mezani kabla chupa haijafunguliwa, na chupa yenyewe iwe ya plastiki: glasi huliwa.