Maharusi wapewe JPEG, tena za saizi mbili

Napiga picha za harusi, na kwenye mkataba wangu kuna kifungu kinachosema picha zitakabidhiwa kwa JPEG, ile aina ya faili la picha iliyozoeleka, katika saizi mbili, kwa mfumo wa rangi wa sRGB. Kifungu hicho huulizwa na kila mtu: maharusi wenyewe, mwenyekiti wa kamati, na yule binamu anayejua kompyuta. Nakieleza hapa kwa ajili yao, na kwa ajili ya wapigapicha wanaoanza ambao bado hawajaamua wampe mteja nini.

Nianze na RAW, yaani faili ghafi la kamera kabla halijahaririwa, maana ndiyo inayoleta mvutano. Harusi yoyote naipiga kwa RAW. Kumbi zetu za Dar es Salaam zimejaa taa za LED, mara zambarau, mara bluu, na sura nyeusi chini ya taa hizo hupoteza rangi yake kabisa. RAW ya biti 14 ina viwango 16,384 vya mwanga kwa kila rangi. JPEG ina biti 8, yaani viwango 256 tu. Nafasi hiyo kubwa ndiyo inayoniwezesha kurudisha rangi halisi ya uso wa bibi harusi, na wakati huohuo kuokoa nakshi za shela ambalo limepigwa na mwanga mkali. Ningepiga JPEG tupu, nikilazimisha rangi irudi, mashavu yangetoka na mabaka.

Lakini utajiri huo ni wa mezani kwangu, wakati wa kuhariri. Faili la RAW halina sura moja. Kila programu inayolifungua hulitafsiri kivyake. Aina za RAW kama CR3 ya Canon, NEF ya Nikon na ARW ya Sony hazifunguki kwenye simu nyingi, na studio ya kusafisha picha haizipokei. Hata zikifunguka, mteja ataona picha iliyopooza, bila kazi niliyoifanya. Kwa hiyo mteja akiniambia, "Kaka, tupe na zile zilivyotoka kwenye kamera," namuuliza kwa upole anataka kuzifanyia nini. Mara nyingi hofu yake ni kwamba nimempa zilizopunguzwa. Hofu hiyo ni ya haki, na jibu lake ni JPEG ya ukubwa kamili. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000, na kwa kipimo cha pikseli 300 kwa inchi hiyo inachapika hadi karibu sentimita 50 kwa 33 bila kupoteza ukali. Mteja mwenye mhariri wake na nia ya kweli ya kupata RAW, tunaliongea siku ya mkataba, na lina bei yake. Tusilisubirishe hadi baada ya sherehe.

JPEG ilipitishwa kuwa kiwango mwaka 1992, na leo hakuna simu wala kompyuta isiyoifungua. Udogo wake unatokana na kutupa taarifa. Hutupa zaidi zile za rangi, kwa sababu jicho la binadamu hushika tofauti za mwanga vizuri kuliko tofauti za rangi. Kwenye Lightroom, programu ninayohariria, natoa kwa ubora wa 90. Ukipandisha hadi 100 faili linavimba sana, na kwenye karatasi huoni ulichoongeza. Kinachoharibu ni kuhariri na kuhifadhi upya mara kwa mara, maana kila safari kuna kinachotupwa tena. Nawasihi maharusi: mkitaka kukata picha au kuiwekea filta, fanyeni kwenye nakala.

Sasa zile saizi mbili. Folda moja naiita KUCHAPA, nyingine SIMU. Chukua harusi ya picha 600. Zikiwa za ukubwa kamili, kila moja kama MB 10, hiyo ni GB 6. Mama aliyeko Mbeya anayezipakua kwa bando lake atakata tamaa kabla hajafika kwenye keki. Kwenye folda ya SIMU upande mrefu una pikseli 2048 tu, na mzigo wote hauvuki GB moja. Hizo ndizo za kundi la familia. Ikumbukwe kwamba WhatsApp huibana picha yoyote inayotumwa kama picha, hivyo iliyotoka kwenye kundi isipelekwe studio kuchapwa kubwa kwa ajili ya ukutani. Anayehitaji kubwa, atumiwe kama dokumenti. Hapo inafika ilivyo.

Kuhusu rangi: Adobe RGB, mfumo mwingine wa rangi, ina wigo mpana kuliko sRGB, na wapo wanaojivunia kuitumia. Kwenye programu isiyoielewa, wekundu wa kitenge cha sendofu unafifia na ngozi inakuwa kama imepakwa majivu. Mteja hawezi kujua kosa liko wapi, atakulaumu wewe. sRGB ndiyo inayotegemewa na simu, mitandao na mashine nyingi za kuchapa.

PNG, aina nyingine ya faili la picha, ni nzuri kwa nembo na kadi za mialiko. Kwa picha za watu inaongeza uzito tu, na kuigeuza JPEG kuwa PNG hakurudishi kilichokwisha kutupwa. TIFF, faili zito la kazi za uchapaji, ikiwa ya biti 16 ya picha moja ya megapikseli 24 ina karibu MB 144. Naitoa kwa msanifu wa albamu akiomba, basi.

La mwisho ni flashi, kwa sababu familia nyingi huichomeka kwenye televisheni ya sebuleni wajomba wakiwa wamejaa. Unapohifadhi kwenye Photoshop, chagua JPEG ya kawaida na uache ile ya "progressive", inayojitokeza hatua kwa hatua, kwani baadhi ya televisheni hazioneshi kitu zikipewa hiyo. Flashi ya picha naiformati kwa FAT32, mfumo wa kupanga mafaili ambao televisheni nyingi zinausoma. FAT32 haibebi faili moja la kufikia GB 4, kwa hiyo video ndefu ya harusi naiweka kwenye flashi nyingine yenye mfumo wa exFAT, na naandika juu ya kila moja ina nini.