Mkanda wa jeshi, na dawa inayowashwa na kirusi chenyewe

Mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ikiwa ya kung'ata, mama mmoja muuza viazi wa Uyole aliingia kwenye duka letu la dawa, Mwanjelwa, kashika ubavu. Alipofunua kitenge nikaona malengelenge yamejipanga mstari, yamepakwa majivu. "Dada, huu mkanda ukizunguka ukakutana nakufa?"

Hapana, mama. Mkanda wa jeshi hufuata njia ya neva, ndiyo maana kwa kawaida hukaa upande mmoja. Wala hukutupiwa. Ni kirusi kilekile cha tetekuwanga ya utotoni, kilichojilaza karibu na uti wa mgongo hadi kinga ilipolegea. VVU huilegeza, kupima ni vizuri, lakini hata umri huilegeza.

Akataka vidonge vya rangi mbili. Hivyo ni vya bakteria, kirusi havikigusi.

"Basi hiyo ya kuua virusi si itaniua na mimi?" Hofu hii ina mizizi, maana kirusi hujificha ndani ya seli zetu na kutumia mitambo yetu. Dawa za mwanzo kweli zilidhuru hata seli zisizo na kirusi. Asaiklovia, iliyotoka miaka ya 1970 katika maabara za Burroughs Wellcome, Marekani, alikokuwa mwanasayansi Gertrude Elion (Nobel, 1988), ni nyingine. Huingia kwenye seli imelala. Kuamka kwake kunahitaji fosfeti tatu (vipande vidogo vya kemikali), na ya kwanza hubandikwa na kimeng'enya cha kirusi, yaani protini inayofanya kazi hiyo. Vimeng'enya vyetu ni kama havijui kuibandika. Mbili zilizobaki huongezwa na seli. Ndipo kirusi, kikinakili DNA yake (maandishi ya urithi), huiokota kikidhani ni herufi halali. Ni behewa la TAZARA lisilo na ndoano nyuma: likishaungwa, linalofuata halina pa kushika. Seli isiyo na kirusi haiiwashi kabisa, au kidogo mno.

Ila kirusi kilicholala hakinakili, kwa hiyo dawa haikifikii. Anayekuahidi kuking'oa moja kwa moja anakuuzia maneno. Vipele vya mdomoni, vile watu husema "malaria inatoka", ni vya ndugu yake kirusi huyo, na hurudi kwa sababu hiyohiyo.

Malengelenge yalianza juzi. Afadhali, maana dawa hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Nikamtuma kwa daktari. Akarudi na cheti: miligramu 800, mara tano kwa siku, siku saba. Nikamsisitizia maji mengi, kwa ajili ya figo.

"Mara tano? Na usiku wa manane niamke?"

Usiku alale.