Vifaranga Hawafi Hadharani: Dhana Potofu Kuhusu Bwawa la Kulelea Samaki

Kuku akifa bandani unaukuta mzoga. Kifaranga wa samaki ambaye hajafika hata gramu moja akifa, hakuna mzoga: ameliwa, au amezama na kuoza upesi. Bwawa linaendelea kupendeza na mwenyewe anaendelea kumwaga chakula. Akija kuvuta wavu baada ya wiki sita, kati ya vifaranga 2,000 anawakuta 300. Hapo zinaanza lawama: muuzaji kanipunja, maji yana sumu, jirani kaniibia. Imani nyingi kuhusu bwawa la kulelea zinadumu kwa sababu hiyo tu, kwamba ushahidi wake unaliwa.

"Samaki yeyote mdogo ni kifaranga"

Hii ndiyo inayowaumiza wafugaji wa sato kuliko zote. Sato akiwa bwawani hupevuka mapema mno. Akifikisha miezi mitatu hivi, pengine hata gramu 50 hajafika, jike tayari anatamia mayai mdomoni. Bwawa likijaa na chakula kikawa haba, samaki wanadumaa: wanazaa lakini hawakui. Mwenye bwawa la namna hiyo hubaki na ndoo za samaki wa urefu wa kidole, na akitokea mnunuzi wanapewa jina la vifaranga. Watoto wa kweli wamo humo, lakini wamo pia watu wazima wafupi. Ukiwapandikiza bwawani kwako, kazi wanayoijua ni kuzaa.

Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa ya mita za mraba 300, kila moja lipandikizwe vifaranga 1,000. Mahitaji yalipanda ghafla yakapita uwezo wa vituo vya serikali kama kile cha Sagana, Kirinyaga. Soko likishikwa na njaa ya namna hiyo, kila mwenye ndoo ya samaki wadogo hugeuka mzalishaji.

Kwa hiyo muulize muuzaji umri kabla ya urefu. Angalia kundi lote: watoto wa rika moja hulingana. Ukiona kadogo kamevimba koo na chakula hakitaki, kafungue mdomo. Ukikuta mayai, huyo ni mama wa watu.

Na wale wanaouzwa kama "dume tupu"? Hao hulishwa chakula chenye homoni tangu wakiwa na siku chache, kwa wiki tatu hadi nne, kabla jinsia haijajitokeza. Ukimnunua akiwa na gramu tano, muda huo umeshapita, na hakuna chakula cha kumgeuza jike kuwa dume ukiwa nyumbani.

"Maji mazuri ni yale unayoona mpaka chini"

Kwa mtungi wa kunywa, sawa. Kwa kifaranga, maji maangavu ni sahani tupu. Mdomo wake ni mdogo, na chakula chake cha kwanza ni mwani na vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyoyapa maji rangi ya kijani. Ndiyo maana tunarutubisha: mbolea ya kuku iliyokauka, kama kilo 5 kwa wiki kwa kila mita za mraba 100, ndani ya gunia lililofungwa pembeni ili uweze kulitoa ikizidi.

Kipimo unacho mwenyewe. Zamisha mkono ulionyooka. Kiganja kikipotea machoni maji yanapokaribia kiwiko, bwawa liko sawa. Kikipotea maji yakiwa bado kwenye kifundo, mbolea imezidi. Kikionekana hata maji yakipita kiwiko, samaki wako wana njaa.

Dhana hii ina ndugu yake, hasa kwa wanaoishi milimani penye mifereji: eti maji yaingie na kutoka mchana kutwa. Mfereji unaopita hivyo unaichukua mbolea uliyoitolea jasho na kumpelekea jirani wa bondeni. Tena maji ya mlimani ni baridi, na sato anakua vizuri kwenye nyuzijoto 26 hadi 30 hivi. Akipoa, hali na hakui. Ongeza maji kufidia yaliyopungua tu, nayo yapitie kichujio cha wavu kilichoshonwa kama soksi ndefu na kufungwa mdomoni mwa bomba, samaki pori wasiingie. Lakini tafadhali, soksi hiyo isitokane na chandarua cha mbu chenye dawa. Dawa zile za jamii ya pairethroidi ni sumu kali kwa samaki.

"Lijaze, liache mwezi mzima lipoe"

Niliifuata mwenyewe kwenye bwawa langu la kwanza. Nilikausha vizuri mpaka udongo ukapasuka nyufa, nikamwaga chokaa ya kilimo (kilo 10 hadi 20 kwa mita za mraba 100, kutegemea udongo una asidi kiasi gani), nikasubiri, nikajaza maji. Mpaka hapo sikukosea. Halafu nikakaa wiki nne nikiamini maji yanakomaa, na kumbe kilichokuwa kinakomaa ni wadudu. Kerengende walikuwa wameshataga, na mtoto wa kerengende hukaa majini akiwa na mdomo wa chini unaochomoka kama mkono na kunasa kifaranga. Kulikuwa na wale wadudu wanaoogelea chali, na mende wa maji. Wote hawa wana mabawa wakishapevuka, kwa hiyo kichujio cha bomba hakiwahusu. Vifaranga nilivyomimina vilikuwa karamu.

Tangu bwawa lijae, saa inaanza kuhesabu. Maji yakishashika kijani, pandikiza ndani ya wiki moja hivi. Kwa kambare wachanga waliotoka kumaliza kiini cha yai, akiba ya chakula wanayoanguliwa nayo tumboni, ni mapema zaidi, siku chache tu baada ya kujaza, wakati vijidudu vidogo kabisa viko kwa wingi na maadui bado ni wachache.

Kwa kambare, kuna vyura pia. Watu wengi hutandaza nyavu juu kwa ajili ya mdiria na korongo, nao ni maadui kweli, lakini chura anaingia kwa miguu usiku. Uzio wa mabati chakavu au karatasi ya nailoni, kimo cha karibu mita moja, ukichimbiwa kidogo ardhini kuzunguka bwawa zima, unalipa gharama yake kwa msimu mmoja.

"Kambare wametoroka"

Wameliwa, na aliyewala ni ndugu yao. Kambare wachanga hutofautiana ukubwa haraka, na aliyetangulia humeza aliyechelewa. Njaa inazidisha. Wachambue kwa ukubwa kila baada ya siku saba hadi kumi, na uwalishe mara nne au tano kwa siku chakula cha unga chenye protini ya asilimia 40 hivi. Pumba peke yake haifiki huko. Dagaa na soya vinafika, ila soya ikaangwe kwanza, maana mbichi ina kitu kinachozuia mmeng'enyo wa protini.

"Washibishe kabla ya safari"

Kinyume chake. Aliyeshiba anachafua maji ya mfuko njiani kwa kinyesi na amonia. Wafunge kula siku moja kabla. Mkifika, mfuko uelee bwawani dakika 15 hadi 30, kisha yaingize maji ya bwawa kidogo kidogo.

"Alfajiri wanapanda juu, wana njaa"

Mwani unaotoa oksijeni mchana hugeuka mlaji wa oksijeni usiku, kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri ndipo hewa ya majini inapokuwa imeisha zaidi. Samaki wanaopapasa uso wa maji kwa midomo saa hizo wanahema. Ukiwamwagia chakula, hawali. Kinaoza, na kuoza nako kunakula oksijeni. Simamisha chakula, toa gunia la mbolea, ingiza maji mapya yakidondoka kutoka juu ili yachanganyike na hewa.

Turudi kwa yule wa samaki 300 na lawama zake. Siku ya kupandikiza, angehesabu vifaranga 100 akawaweka kwenye kizimba kidogo cha wavu ndani ya bwawa lile lile, kimefunikwa, akawalisha kama wenzao. Wa kizimbani wakifa siku mbili tatu za mwanzo, mbegu ilikuwa mbovu au safari iliwaumiza. Wakifa baadaye, ayatazame maji. Wakiwa hai wote na wa nje hawaonekani, muuzaji hana kosa: aende usiku na tochi kwenye tuta, atawakuta wanaokula.