Sekta isiyo rasmi: neno lililozaliwa Accra na kukulia Nairobi

Mwulize mama anayekaanga mandazi kando ya barabara kazi yake ni nini. Mara nyingi jibu litakuja na "tu" mwishoni: "Sina kazi, nauza mandazi tu." Kijana wa viatu vya mtumba atakwambia anajishughulisha, mwenzake wa pembeni atasema anabangaiza. Yule mama ameamka saa kumi alfajiri, kaukanda unga, kawasha mkaa, na ilipogonga saa mbili asubuhi ndoo yake ilikuwa inakaribia kuisha. Lakini kazi hana. Kazi, tangu enzi za mkoloni, ni ile yenye mwajiri juu yako na mshahara mwisho wa mwezi.

Dhana ya sekta isiyo rasmi iliingia vyuoni kwa ajili ya watu wa "tu" hao, ambao takwimu za serikali zilikuwa zikiwapita bila kuwaona.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 wachumi walioichunguza miji ya Afrika walisumbuliwa na swali moja: mbona watu wanazidi kuhamia mjini wakati ajira hazitoshi? Mwaka 1970 John Harris na Michael Todaro walitoa jibu lililopata umaarufu mkubwa. Mtu wa kijijini, walisema, anapiga hesabu ya mshahara anaoutarajia mjini na uwezekano wa kuupata, kisha anajaribu bahati yake. Ukilisoma jibu hilo harakaharaka unabaki na picha ya mji wenye makundi mawili, walioajiriwa na wanaosubiri kuajiriwa. Hao wanaosubiri wanakula nini, picha haisemi.

Mwanaanthropolojia kijana kutoka Uingereza, Keith Hart, alikuwa na jibu kwa sababu alikuwa ameishi nao. Katikati ya miaka ya 1960 alifanya utafiti Nima, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Accra, miongoni mwa wahamiaji wa Kifrafra kutoka kaskazini mwa Ghana. Pale hakukuta watu waliokaa wakisubiri. Alikuta mafundi viatu, washonaji, wapika pombe, wachuuzi, wenye nyumba za kupangisha, wakopeshaji, na pia wezi na wauza magendo, maana hakuwaficha hao. Tena mtu mmoja aliweza kuwa na mshahara mdogo wa kibarua na njia nyingine mbili tatu za kujazia. Mwaka 1971, katika mkutano wa Chuo Kikuu cha Sussex, Hart alipendekeza vipato vya aina hiyo viitwe visivyo rasmi, tofauti na vile vya mshahara. Makala yake ilichapishwa mwaka 1973.

Kufikia hapo, hata hivyo, neno lilikuwa limeshamtoroka. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, ukiongozwa na Richard Jolly na Hans Singer, ulitoa ripoti kubwa kuhusu ajira nchini Kenya. Ripoti hiyo ndiyo iliyoliuza neno duniani kote. Hart alizungumzia vipato vya watu, lakini ripoti ikazungumzia sekta, kana kwamba ni sehemu ya uchumi unayoweza kuizungushia uzio. Ikaipa sifa zake: kuingia ni rahisi, biashara ni ya familia, ni ndogo, inategemea mikono kuliko mashine, na ujuzi unapatikana nje ya darasa. Waandishi wake waliona kwamba tatizo kubwa la Nairobi halikuwa watu kukosa la kufanya. Watu walifanya kazi kutwa nzima na bado wakabaki maskini. Kwa hiyo serikali ilishauriwa iache kuwabomolea vibanda na kuwasumbua kwa leseni. Kwa miaka ile, huo ulikuwa ushauri wa kishujaa. Aliyewahi kukimbizana na kanjo, askari wa jiji la Nairobi, au mgambo wa Dar es Salaam anaweza kusema ulifuatwa kwa kiasi gani.

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Wanasikia "isiyo rasmi" na kuelewa haramu. Rasmi ni kile ambacho dola imekitambua na kukiandika katika daftari lake. Mandazi si haramu, ila biashara ya kuyauza haimo kwenye daftari. Mchanganyo mwingine ni wa kodi, eti hawa hawalipi. Anayepanga bidhaa sokoni analipa ushuru wa kila siku, na akinunua sabuni au sukari dukani kodi imo ndani ya bei kama ya mtu mwingine yeyote.

Na usidhani kwamba kukosa usajili ni kukosa utaratibu. Kaa Kariakoo siku moja. Kila kipande cha lami kina mwenyewe, hata kama hakuna karatasi inayosema hivyo, na ukitandika turubai lako mahali pa mtu utaelezwa. Winga anayemleta mteja dukani anajulikana atapata nini. Wanawake wa sokoni wana upatu wao, na zamu ya kupokea haivunjwi hovyo. Kijana anayejifunza ufundi gereji chini ya mwembe ana miaka yake ya kushika spana na kutumwa chai kabla hajaachiwa injini peke yake. Huo ni mtaala, ingawa haukupitishwa na wizara. Si ajabu Dar es Salaam iliitwa Bongo, kwa maana ya ubongo.

Tanzania ilikuwa na kisa chake. Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya nguvukazi, iliyomtaka kila mwenye uwezo aonyeshe kazi anayoifanya. Asiyeweza kuionyesha aliweza kukamatwa kama mzururaji na kupelekwa kijijini. Swali la mama wa mandazi likawa swali la polisi. Mwanasayansi ya siasa Aili Mari Tripp, aliyefanya utafiti Dar es Salaam katika muongo huo, aligundua kwamba mshahara haukuwa ukitosha hata kidogo, na kilichoziendesha nyumba kilikuwa miradi: kuku, maandazi, ushonaji, barafu. Wenye miradi hawakuwa vijana wasio na ajira peke yao. Watumishi wa serikali walikuwa nayo pia. Asubuhi mtu anakaa ofisini akisimamia sheria, jioni anauza mayai kinyume chake. Ukitaka kuchora mstari kati ya rasmi na isiyo rasmi, itabidi uupitishe katikati ya mwili wa mtu mmoja.

Kutoka Peru likaja wazo jingine. Mchumi Hernando de Soto na wenzake walijaribu kusajili kiwanda kidogo cha nguo jijini Lima kwa kufuata kila hatua ya sheria. Iliwachukua siku 289. Hitimisho lake lilikuwa kwamba maskini hawaukimbii urasmi, bali urasmi ndio unaowafungia mlango, na dawa ni kuwapa hati. Wazo hilo lilifika Tanzania mwaka 2004 kwa jina la MKURABITA, mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge. Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000 kwa mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Kwa muda kidogo machinga alikuwa na kadi mfukoni na askari hamgusi. Oktoba 2021 wamachinga wa Dar es Salaam wakaondolewa barabarani na kuelekezwa maeneo maalumu. Kutambuliwa kulikuwa kwa mtu, hakukuwa kwa mahali anapouzia. Na biashara ya machinga, kwa hesabu yangu, ni mahali kwanza, bidhaa baadaye.

Kinachonisumbua katika neno lenyewe ni ile "isiyo". Linamtaja mtu kwa alichokosa. Mitaa yetu haikufanya hivyo. Kenya walisema jua kali, wakimtaja fundi kwa mahali anaposimama akigonga bati, na jina likapanda hadi serikalini: mwaka 1985 Rais Moi alifika kwa mafundi wa Kamukunji, Nairobi, akaahidi mabanda ya kuwakinga mafundi na jua hilohilo. Machinga, kwa maelezo ya wengi, ni jina la watu na mahali huko Lindi, walikotoka vijana wengi waliokuja Dar es Salaam kutembeza bidhaa. Mama lishe jina lake linasema anachofanya. Daladala imebeba kumbukumbu ya nauli ya shilingi 5, sarafu iliyoitwa dala.

Wataalamu wa takwimu nao wameendelea kulirekebisha neno. Mwaka 1993 waliitazama biashara: ni ndogo kiasi gani, imesajiliwa? Ilipofika 2003 wakaona hawajawapata wote, kwa sababu mfanyakazi wa nyumbani kwa waziri, au kibarua wa kampuni kubwa asiye na mkataba wala hifadhi ya jamii, yumo ndani ya urasmi lakini ajira yake si rasmi. Kwa kipimo hicho kipana, mwaka 2018 ILO ilihesabu watu bilioni 2 duniani, asilimia 61 ya wote wanaofanya kazi. Afrika ilikuwa karibu asilimia 86.

Halafu akaja dereva wa bodaboda wa programu ya simu. Kampuni imesajiliwa, kila safari imeandikwa hadi dakika, malipo yanaacha alama. Yeye mwenyewe hana mkataba wa ajira, akianguka anajitibu, na akifungiwa akaunti hajui amlalamikie nani. Kwake daftari limejaa kuliko la karani yeyote, ila ni daftari la kampuni. Mwaka 2018 wataalamu walimtengenezea fungu la kati, la anayejitegemea kwa jina huku bei na wateja vikiamuliwa na mwingine, na mwaka 2023 walikaa tena Geneva kupitisha vipimo vipya vya uchumi usio rasmi.